Nilikuwa Njombe Nikibadilisha Feni

Lyamkena, Makambako

Dada yangu Batilda,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua utaitikia hata kama umenuna. Mama anaendeleaje, miguu bado inamvimba? Mahindi mmeshapalilia? Mimi ni mzima, nakula, nanenepa, na hapa mjini ukiuliza fundi kompyuta wa Lyamkena watakuleta mpaka mlangoni kwangu bila kukosea.

Nakuandikia kwa kuwa namba yangu umeifungia. Ujumbe wako niliupata kwa kondakta wa basi: "Mwambie kwenye kujenga kaburi la baba asije na uongo mwingine." Aliusema mbele ya abiria, dada. Watu walifungua vioo wasikie vizuri. Basi, ukweli ndio huu.

Siku ya mazishi ya baba, barabara haikukatika kama nilivyokwambia. Hata mvua haikunyesha. Nilikuwa Njombe mjini nikibadilisha feni.

Kuna bwana mmoja, Baba Neema, ana studio ya kuunganisha video za harusi na za kipaimara. Kompyuta yake ni ya zamani, na kadi ya picha iliyomo ndani, ile inayoipa kompyuta macho, haitengenezwi tena. Kila baada ya dakika kumi ilikuwa inapata joto na kuzimika. Mafundi watatu walimwambia atupe. Akaniita mimi, mtu niliyefika Lusaka na kurudi, na elimu yangu ni darasa la saba, tena la saba lenyewe nusu. Nilipofungua nikacheka. Baridi ya Njombe unaijua. Bwana yule alikuwa anaweka jiko la mkaa chini ya meza apate kuota moto miguu, na jivu lote linavutwa na feni. Mapezi ya bati ya kupoozea yameziba, feni imekwama, ile krimu ya kupitisha joto imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi.

"Baba Neema, hii umeibanika."

"Sasa fundi, mimi nife kwa baridi?"

"Vaa soksi mbili. Kama mama watoto hajakununulia, nitakununulia mimi."

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Hapo ndipo simu yako ilipoingia. Ulisema baba ametutoka, mazishi kesho saa nane, na mimi mwanawe wa kwanza wa kiume ndiye wa kutangulia kutia udongo. Nikasema, "Sawa." Hivyo tu, kama mtu aliyeambiwa chai imekwisha.

Kutoka pale ningefika nyumbani jioni ile ile. Sikwenda. Nilichukua mswaki nikasafisha mapezi, moja moja. Nikakwangua krimu ya zamani, nikapaka mpya. Feni ya saizi ile haipatikani, nikang'oa ya kadi nyingine iliyokufa, nikaifunga kwa waya. Baba Neema akauliza nani kapiga. "Dada, anawasalimu." Nikaongeza na utani mwingine.

Kesho yake saa nane niliwasha mashine nikakaa mbele yake. Ukapiga: "Uko wapi? Watu wamesimama, padre anasubiri." Nikakwambia barabara imekatika. Kisha nikaendelea kuitazama ile kadi saa nzima, haikuzimika. Baba Neema akapiga makofi. Mimi niliitazama mikono yangu mezani kama ya mtu mwingine.

Wiki iliyopita nilimwambia Baba Neema ukweli. Akasema, "Fundi, kompyuta ingesubiri. Ningekupeleka mwenyewe kwa pikipiki." Nikamjibu, najua.

Usiniulize sababu, dada. Ningekuwa nayo ningekuandikia. Baba nilimpenda, na unajua. Ila tangu siku ile sijalia. Pilipili naila siisikii. Watu wananiletea kadi zao mpaka kutoka Tandala, nawachekesha, wanaondoka wamefurahi, nami nabaki hivyo hivyo. Juzi pezi la bati lilinikata kidole, damu ikatapakaa mezani, na aliyepiga kelele ni mteja.

Mama usimsomee yote haya, msomee pale pa kuchekesha tu, halafu mwambie mengine nitamwambia mwenyewe. Msalimie shemeji, mumeo, aliyechonga jeneza. Nasikia alilipiga msasa vizuri. Msalimie shangazi aliyetulea, na watoto wako wote wanaonisahau sura. Baba mdogo, aliyetia udongo mahali pangu, mshike mkono kwa mikono miwili umwambie nimeshukuru.

Nitafika Ijumaa, kabla hamjaanza kulijenga kaburi. Sitamdanganya mtu, na sitatia utani. Kama hutaki niingie ndani, usijisumbue kunikaribisha. Nionyeshe tu mawe yanakochukuliwa, nianze kubeba.

Ni mimi mdogo wako,
Gaudensi