Dagaa wa Mchangani

Busia, Jumatatu

Kaka Nasrudin,

Mama anakusalimu. Goti lake lina nafuu, na mbuzi wako kazaa mapacha. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Magunia yako ya dagaa yalifika. Tangu nyavu za macho madogo zipigwe marufuku dagaa wameadimika, kwa hiyo watu wa chakula cha kuku walipakia yote kwenye lori kabla sijafungua hata moja. Zamani dagaa walioanikwa mchangani walikuwa wa kuku, walioanikwa juu ya chanja wa watu. Siku hizi bei ni moja. Najua ndiyo maana umeacha kuanika juu ya chanja. Nani ajichoshe?

Juma lililopita alikuja Apendi wa kijijini Merikit, mteja wangu wa siku nyingi. Mtoto wake amevimba miguu, na nesi kamwambia amsagie dagaa kwenye uji. Sikuwa na kitu ila masazo niliyofagia sakafuni lori lilipoondoka. Nikampepetea, nikampa bure, nikajiona mwema.

Leo amerudi. Hakugomba. Alifungua kitambaa akanionyesha mchanga uliobaki kwenye kikombe cha uji. "Dada, mtoto anatema tu," akasema.

Kaka, nakuomba gunia moja. Dagaa wake uwaanike juu ya chanja kama alivyotufundisha baba, na gunia ulishone kwa uzi mwekundu ili nilitambue, nilifiche lori likija. Kuku hana meno. Mtoto wa Apendi ameota mawili.

Ni mimi mdogo wako,
Sumayah