Wiki Tatu Baada ya Dale Kuja Kutengeneza Tanuru

Jumapili, 11 Februari

Nimeshindwa kutulia. Nakaa, nasimama, nafungua pazia, nafunga. Niandike tu. Jana mchana Dale alikuja kutazama tanuru la kupashia nyumba joto. Alinibaka. Basi, nimeliandika. Dale, rafiki wa marehemu mume wangu, aliyebeba jeneza lake.

Leo asubuhi nimeendesha mwenyewe hadi hospitali, theluji ikipiga kioo cha gari. Sikuoga — sijui nilisikia wapi kwamba mtu asioge. Nesi Petra aliuliza kabla ya kila kitu. "Hapa naweza kugusa? Ukisema basi, tunaacha." Nguo zangu zikaingia mfuko wa karatasi. Sindano. Vidonge vya kuzuia virusi vya UKIMWI, siku ishirini na nane. Pembeni alikaa Tamsin, binti wa kituo cha kusaidia waliobakwa, amenishikia chai. Nikasema polisi sitaki. Akasema si lazima leo, ushahidi utatunzwa kwa namba, bila jina, mpaka niamue.

"Mwenye kuamua hapa ni wewe, mama."

Jumanne, 13 Februari

Vidonge vinanitapisha. Kazini nimesema mafua. Nimefagia stoo mara mbili, haikuwa na uchafu.

Alhamisi, 15 Februari

Nimemwambia dada Noreen. Akaanza kuosha vikombe visafi. Kisha: "Dale? Dale huyu wetu? Una hakika hukumwelewa vibaya?"

"Dada, nilimwambia hapana mara tatu."

Akasema nilifikirie kanisa, nimfikirie Bev, mke wa Dale. Mimi sikutajwa. Nikatoka bila koti, ikabidi nirudi kulichukua. Tukatazamana kama watu wa foleni ya benki.

Jumamosi, 17 Februari

Dale ameacha ujumbe kwenye simu. Tanuru linahitaji kipuri, atapita Jumatatu. Sauti ileile ya siku zote! Nimeita fundi abadilishe vitasa. Nimempigia Tamsin. Nimelala kwake sebuleni — yaani, nimelala macho.

Jumanne, 20 Februari

Tamsin amenieleza tena, polepole. Kesi ya jinai iko mikononi mwa mwendesha mashtaka. Anaweza kuifungua, anaweza kuiacha. Amri ya kumzuia Dale asinikaribie naiomba mwenyewe, hata bila polisi. Nikaiomba. Kalamu ikiwa bado mkononi, nikauliza fomu ya kuwapa polisi ule ushahidi iko wapi. Tamsin akaniuliza kama nina hakika. Sina. Nimesaini.

Ijumaa, 1 Machi

Benchi la mahakama, siku ya kusikilizwa amri niliyoiomba. Naandika ili mikono iwe na kazi. Dale yuko ng'ambo ya korido na Bev na mchungaji, amevaa suti ileile ya mazikoni kwa mume wangu. Polisi walishamhoji, anasema nilitaka. Tamsin ananiambia nisimtazame, nimtazame yeye.

Noreen ameingia. Sikumwita. Amesimama katikati, theluji begani. Bev akasogea kumpa nafasi: "Njoo huku, Noreen."

Noreen akamjibu kwa upole, "Asante, Bev. Nakaa na mdogo wangu."

Amekaa. Hajanigeukia. Mkoba ameuweka katikati yetu.



Karani ametoka na karatasi, anatafuta jina langu. Noreen ameuondoa mkoba, anauweka chini. Karani ameniita.