Mfuko wa Kitanda cha Dirishani

Kwako Profesa, kaka yangu wa pekee,

Shikamoo. Najua siku hizi huitikii mtu, lakini mimi nililelewa, kwa hiyo nakusalimu hivyo hivyo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa mwili. Uzima wa kichwa siulizi, wifi ameshanisimulia: hunyoi ndevu, mapazia hufungui, na vitabu vyako umempa mlinzi awashie jiko. Wanao niliwaona juzi, hawajambo. Yule mdogo ameng'oka meno ya mbele na anaonyesha pengo lake kwa kila anayepita. Mimi pia sijambo, miguu tu inavimba kwa kusimama. Habari za mama zipo, nitazifikia. Usiruke mistari kuzitafuta. Soma kwa mpangilio, kama ulivyokuwa ukitufokea sisi manesi tusome maelekezo yako.

Naandika kwa sababu simu hupokei. Nimekupigia mpaka nimemchukia yule dada anayesema unayempigia hapatikani. Barua nimempa mfamasia wetu, yule mrefu anayeinama kila mlango hata usiomfikia kichwani. Amesimama hapo kwako sasa hivi na nimemwambia asiondoke. Ukimaliza kusoma, anayo karatasi moja ya kutiwa sahihi, au ya kutotiwa. Hiyo nayo nitaifikia.

Wodi ya mahututi ipo vilevile ulivyoiacha. Ile mashine ya kupumulia ya kona bado inapiga kelele bila sababu mpaka uizabe kibao ubavuni. Daktari wa zamu alikuwa bado anavaa koti lenye pindo lililofumuka, mpaka juzi. Kilichobadilika ni friji ndogo ya dawa yako, ambayo sasa ina kufuli. Tangu ulipoufunga utafiti hakuna aliyeigusa, na wagonjwa wanaingia na kutoka, wachache kwa miguu yao, wengi ndani ya shuka. Wenzangu wananiuliza kaka yako kapatwa na nini. Nawaambia umechoka. Hawaniamini, maana walikuzoea unalala ofisini na unaamka unaimba.

Nakumbuka siku uliporudi na shahada yako ya mwisho, ulivyotueleza mezani kazi yako ni nini. Ulimsogezea baba sahani iliyojaa, ukamshika mikono yote miwili, ukamwambia haya kula. Ukasema seli za mtu ambaye maambukizi yameingia kwenye damu zipo hivyo: sukari imejaa, hewa imejaa, lakini haziwezi kula, zinakufa njaa mbele ya sahani. Dawa yako ingeziachia mikono. Baba alicheka mpaka akakohoa, akawaita majirani waje uwaeleze upya. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya moto, nikingoja mmalize mchezo niiweke mezani.

Alivyoletwa wodini unajua: kidonda cha mguu alichokuwa akikificha ndani ya soksi, na damu imeshachafuka. Usichokijua, kwa sababu ulikuwa safarini kuhutubia wasomi wenzako, ni alichosema kabla hatujamwekea mpira wa kupumulia. Alisema mwiteni mwanangu daktari. Nikamwambia baba, nipo hapa, ni mimi ninayekuhudumia. Akanitazama vizuri tu, kwa akili zake timamu, akasema wewe ni nesi, mwite kaka yako. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, na niliyapokea mimi.

Basi nikakuita. Ulikubali kwa simu aingizwe kwenye utafiti, na siku hiyo hiyo akaingizwa mama mmoja fundi cherehani, kitanda cha pili, kando ya cha baba cha dirishani. Utaratibu uliutunga mwenyewe. Kila mgonjwa ana namba, kila asubuhi mfamasia analeta mifuko ya dripu yenye namba hizo, mingine ina dawa, mingine maji ya chumvi matupu, na ukiitazama yote ni sawa. Hakuna anayejua mgonjwa gani kapata nini, si daktari, si nesi, si ndugu. Ulituapisha. Ulisema atakayechungulia atakuwa ameharibu kazi ya miaka mingi, na amewaibia wagonjwa wote watakaokuja nyuma yake.

Kisha wewe ukachungulia. Ulinipigia nikiwa stoo ya mashuka, mchana, ukasema baba amepangiwa maji na kitanda cha pili kimepangiwa dawa. Ukataka nibadilishe: mfuko wa kitanda cha dirishani uende kitanda cha pili, na wa kitanda cha pili uje kwa baba, hivyo hivyo kila siku, na nisimwambie mtu. Fundi hukumtaja kabisa, kama vile kitanda chake hakina mtu. Nikakujibu sawa. Baadaye ukapiga tena kuhakikisha, nikakwambia tayari. Ukasema ahsante, mdogo wangu. Miaka yote hiyo tumefanya kazi hospitali moja, mbele ya watu hukuwahi kuniita mdogo wako.

Baba akafa. Fundi akaamka, na tulipomtoa mpira tu, neno lake la kwanza lilikuwa la kumsema daktari wa zamu kwa lile pindo la koti. Alisema lilikuwa linamning'inia usoni kila daktari akiinama, na kwamba mateso mengine yote amesamehe isipokuwa hilo. Wodi nzima tulicheka. Baba alikuwa ametolewa kitandani kwake siku moja kabla, na nami nilicheka pamoja nao.

Siku ya mazishi ulinivuta nyuma ya nyumba, pale penye tangi la maji, ukaniambia umemuua baba. Ukasema dawa yako ni sumu, umempelekea mwenyewe, na aliyenyimwa ndiye aliyepona. Ulilia mpaka ukanilowesha bega. Nikakupigapiga mgongo, nikasema pole. Wiki ile ile ukaufunga utafiti, ukawadanganya wakubwa kwamba dawa imeharibika kwa joto. Wewe! Wewe uliyekuwa ukitucheka tukisema fulani kapona kwa kitu fulani, ukitukalisha chini na kutufundisha kwamba mgonjwa mmoja si ushahidi wa jambo lolote. Alipokuwa baba yako, mmoja akatosha.

Sasa habari za mama. Mama yupo kitanda cha dirishani.

Kifua kilimbana baada ya msiba, akasema ni vumbi. Alikuwa hali, anasogeza tu chakula pembeni ya sahani, na mimi nikiwa kazini nilidhani anakula. Nilipomleta, maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Amepewa dawa kali zote za kuua vijidudu, amepewa ya kupandisha presha, mashine inampumulia. Mkojo umekauka na tindikali kwenye damu inazidi kupanda, njia ile ile aliyopita baba. Daktari wa zamu ni mtu mkweli, ameniambia hana kingine cha kujaribu. Kabla ya kuwekewa mpira, mama alinishika kidole akasema mwite kaka yako. Sijui alikuwa anamtaka daktari au mwanawe. Sikumuuliza, niliogopa jibu.

Kwa hiyo sikiliza vizuri. Ile mifuko sikuibadilisha, kaka. Hata siku moja. Namba ya baba ilitundikwa kwa baba na namba ya fundi kwa fundi, kama tulivyoapa. Baba alipewa maji ya chumvi mpaka akafa. Dawa yako ilikwenda kwa fundi, na fundi yupo, anashona.

Usinitafutie sababu nzuri. Sikufanya hivyo kwa ajili ya kiapo, wala kwa kumhurumia fundi, wakati huo hata uso wake sikuwa nimeutazama. Nilisimama katikati ya vitanda viwili, mfuko mkono huu na mfuko mkono huu, na nilichokuwa nakisikia ni baba akisema wewe ni nesi. Nikakumbuka mwaka tuliofaulu wote wawili, mimi kwa alama nzuri kuliko zako, na baba akasema daktari mmoja anatosha nyumba moja. Ulikuwepo. Uliinama ukajifanya unafunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe vilikuwa ndala. Basi nikasema moyoni, nesi hachagui nani apewe nini, nesi anatundika alicholetewa. Nikatundika. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa tamu, sitakudanganya.

Hata pale penye tangi la maji ningeweza kukwambia. Neno moja tu lingekutoa kifungoni. Nilikutazama unavyolia nikaona acha, na wewe onja. Nikarudi nyumbani nikalala fofofo. Nilijua umefunga utafiti kwa sababu ya uwongo wangu, na kila shuka lililotoka wodini tangu siku hiyo nimelikunja mwenyewe, na bado nilikaa kimya. Nisingeandika barua hii hata leo kama aliyelala dirishani angekuwa mama wa mtu mwingine. Nakwambia ujue unazungumza na mtu wa namna gani.

Kunishtaki unaweza. Ila utaanza kwa kueleza namba za siri ulizijuaje, na kati yetu wawili ni mimi niliyefuata utaratibu wako neno kwa neno.

Najua na swali lako. Unajiuliza baba angepona kama ningebadilisha. Sijui. Wewe hujui, na hakuna atakayejua kamwe. Huenda fundi angeamka hata kwa maji, ana roho ngumu yule mama. Sikwambii dawa yako inaponya. Nakwambia haikumuua baba, kwa sababu haikumgusa.

Mifuko iliyobaki mfamasia ameikagua, ni mizima, kilichooza ni ule uwongo wako wa joto. Kufuli halifunguliwi bila sahihi yako. Karatasi aliyoishika inasema mama apewe dawa yenyewe, nje ya utafiti, bila kupangiwa kwa namba. Ukiniamini, tia sahihi. Usiponiamini, ukasema moyoni huyu Sisimizi wangu alibadilisha mifuko kweli, na sasa anatunga hadithi ili mimi nimuue na mama kwa sumu ile ile, basi usitie. Sina shahidi. Mifuko ya wakati ule ilichomwa na takataka nyingine, na namba zinaonyesha nilichotakiwa kutundika, hazionyeshi nilichotundika. Mara ya kwanza uliponiuliza kuhusu mifuko hiyo nilikudanganya, ukaniamini mara moja. Leo nakwambia kweli na najua utasita. Mimi ningekuwa wewe ningesita. Lakini usisite sana, mama hana muda huo.

Wifi msalimie, na watoto wabusu. Daktari wa zamu anakusalimu. Fundi cherehani naye anakusalimu sana. Alikuja juzi kuleta koti la daktari alilolishona pindo, akamkuta mama, akasimama miguuni pa kitanda akimtazama. Hajui kwenye mfuko wake kulikuwa na nini. Aliniuliza tu daktari mkubwa mwenye utafiti ni mtu wa mwili gani, mnene au mwembamba, anataka kukushonea suti. Nikamwambia siku hizi umekonda, asubiri kwanza.

Ukitia sahihi, mpe mfamasia arudi haraka. Zamu ni yangu, na mfuko wa mama nitautundika mimi.

Ndimi mdogo wako, kwa jina ulilonipa mwenyewe,

Sisimizi