Vyura Wakubwa wa Mbugani

Mjukuu wangu Mwajuma,

Shikamoo yako imefika hapa Igalula, marahaba. Mama yako mzima, na mbuzi wako kazaa mapacha.

Umeniuliza, kwa ajili ya masomo yako, kama vyura wamepungua. Wamepungua, lakini linalonishangaza mimi ni jingine.

Nilipokuwa msichana, nilisikia vyura wadogo wakilia mvua ya kwanza, nikamwaga mbegu ya mpunga kwenye kijaruba changu. Jua likaiunguza yote. Baba hakunigombeza. Alinipeleka mbugani, kule bondeni kwenye majaruba, akasema, "Hao wadogo hulia wakiona tone tu. Wewe ngoja wale wakubwa wenye sauti nzito. Hawalii mpaka maji yatuame." Tangu siku hiyo niliwafuata wao, na sikukosea.

Mwaka jana wale wakubwa walilia, nikapanda. Mvua ikakatika. Nilipokwenda jarubani, nikakuta viluwiluwi wamebanana kwenye kidimbwi cha mwisho, kando ya mpunga wangu uliokauka. Kumbe nao walikuwa wamekosea kama mimi. Nikawachota kwa beseni nikawapeleka bwawani, majirani wakanicheka.

Mwaka huu mvua imenyesha mara mbili na wale wakubwa wa mbugani bado kimya. Mbegu bado iko ndani ya gunia. Waulize walimu wako, chura aliyekosea mara moja naye hujifunza kungoja? Maana nakaa mlangoni nikiwasikiliza, na naona kama tunasubiriana.

Mimi bibi yako,
Nyamizi