Ulichoandika Pembeni mwa Sura ya Pili

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako naikisia tu, maana mwezi wa tatu huu sijaisikia. Kila nikipiga simu unampa Mama, na Mama masikini hunisimulia habari za mbuzi mpaka zote mbili ziishe, habari na simu. Ndiyo nikaona bora niandike kwa mkono. Barua hii naituma kwa basi hadi Ukunda, kwa dada Rehema, naye ameniahidi kwamba siku yake ya kupumzika pale hotelini Diani atapanda mwenyewe mpaka Mkongani akukabidhi mkononi. Usishangae kuona nimeacha ukingo mpana upande wa kushoto kama daftari la mtoto wa darasa la pili. Nitakueleza huko mwisho.

Hali zenu? Mguu wa Mama umepoa, au bado wafura jioni? Mvua imewafikia, ama mwatazama mawingu yakipita kwenda kunyesha baharini? Rehema aliniambia ndovu walitoka tena msituni wakaingia kwenye mihogo ya bondeni. Poleni sana. Najua uliipanda wewe na Mama peke yenu, na mimi nilikuwa huku nikivaa tai.

Mwili wangu ni mzima. Baridi ya Nairobi mwaka huu imekuja na kiburi, nalala na soksi. Kuna mzee mmoja nakutana naye ngazini kila asubuhi, nikimwambia shikamoo hugeuka kutazama nyuma aone nazungumza na nani. Siku hizi nimeacha, namwambia "habari" kama wenzangu. Kwa hivyo ujue kwamba hata adabu uliyonipa naiuza kidogo kidogo.

Kazi yangu waijua kwa jina, ila sidhani niliwahi kukueleza inavyofanywa, na leo nataka uelewe. Nyumba yetu ya vitabu huletewa vitabu vya kufafanua Biblia, na wachungaji huuliza: hiki tukitumie au tusikitumie? Mimi ndiye niandikaye tathmini, karatasi moja, na chini yake natia neno: chafaa, chafaa kwa tahadhari, au hakifai. Watu hudhani nimekisoma chote. Baba, hatusomi chote. Tuna mahali patano tunapopafungua katika kila kitabu: uumbaji, ubatizo, wokovu, Roho na mwisho wa dunia. Tukimkuta mwandishi yuko sawa hapo, twampitisha. Akiteleza, twaandika alipoteleza. Kitabu chenye kurasa mia sita nakimaliza kabla ya chai ya saa nne. Ndivyo tunavyonunua maembe pia, twabonyeza mawili tukabeba debe zima.

Wiki chache baada ya bibi yetu Mwanamisi kufariki, mkuu wangu aliniwekea mezani ufafanuzi wa Waraka kwa Warumi. Ulikuwa toleo jipya, jalada lang'aa. Hakuniambia ni nani aliyeuliza, nami sikuuliza. Nilipofika ukurasa wa tatu nikakijua. Kilikuwa kitabu chako, kile ulichokivika karatasi ya mfuko wa saruji, ulichokuwa ukinisomea mimi na Rehema barazani huku unakoboa mahindi, kidole kikifuata mstari. Nilikijua, Baba. Sitaki ujidanganye kwamba mwanao alikosa kwa kutojua.

Nikafanya nini? Nikakaza zaidi. Nilijiambia mtu wa tathmini hana kwao, na nikiandika laini, wenzangu watasema huyu anatetea vitabu vya kijijini. Basi sura ya pili, pale mwandishi anaposema kwamba huenda rehema ya Mungu ikamfikia mtu aliyekufa bila ubatizo wala kanisa, mradi aliishi kwa nuru aliyokuwa nayo, nilimkalia vibaya. Niliandika kwamba mwandishi anapotoka, na kwamba mafundisho yake ni hatari mikononi mwa wahubiri wasiosoma chuo. Wahubiri wasiosoma chuo! Nilimjua mmoja tu, na ndiye aliyeuza ng'ombe ili nikasome. Chini nikatia "chafaa kwa tahadhari", nikaenda kunywa chai.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Rehema, maana wewe hukuniambia na Mama alikuwa kwenye mbuzi. Kwamba siku ya kumzika Bibi ulisimama na Waislamu kaburini, kwa kuwa ndiwe mwanawe wa kiume wa pekee, ukatia udongo, ukainua mikono kwenye dua na ukaitikia amina pamoja nao. Kwamba Jumapili iliyofuata ulifundisha Warumi sura ya pili, ukasema, "Mama yangu nimemwachia Mwenye kurehemu. Mimi si hakimu." Na kwamba mchungaji wenu mpya, huyo kijana aliyeletwa kutoka bara, ndiye aliyeandika huku kuuliza habari za kitabu.

Karatasi yangu ilipofika akawaita wazee wa kanisa na kuisoma mbele yao. Rehema anasema alisoma ile aya ya hatari tu. Pale niliposema kwamba mwandishi anafafanua kwa lugha ambayo mkulima ataielewa, hakupasoma. Ukauliza, "Nani kaandika hayo?"

Akakujibu, "Mzee, ni mtoto wako mwenyewe. Hata yeye ameona hii kitabu iko na shida. Sasa wewe utapinga mtoto uliyesomesha?"

Nasikia ulisema, "La. Simpingi." Ukakiweka kitabu mezani, ukaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, pamoja na akina mama wenye watoto wachanga. Na hapo ndipo ukaapo hata leo. Miaka thelathini na zaidi umelishikilia kanisa lile, tangu siku za makuti, wachungaji wakija na kuondoka. Sasa waimbishwa kama mgeni, na wale wazee uliowafundisha kusoma hawakufungua mdomo hata mmoja. Hao sitawasalimia. Nimewatafutia salamu moyoni nimezikosa.

Mchungaji wako naye ana adabu zake. Alikitwaa kitabu akakituma huku kwetu, pamoja na barua ya shukrani, kuonyesha kwamba ushauri wetu umefuatwa. Mkuu wangu akaja nacho akitabasamu, akakiweka mbele yangu. "Umeona, Danieli? Kazi yako inasomwa hata Kwale." Karatasi ya saruji bado imeshonwa kwa uzi wa gunia, mshono wa Mama.

Siku ile, Baba, ndiyo mara ya kwanza kukisoma chote. Sikumsoma mwandishi, nilikusoma wewe. Sikuwahi kujua uliandika kwa penseli pembeni, kwa maana ulipotusomea ulitukazania tutazame kidole. Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa ukibishana naye. Kwenye ubatizo umeandika, "Hapana, bwana." Kwenye sura ya kumi na tatu, anaposema kila mtawala atiiwe, umeandika, "Hapana, bwana. Na chifu aliyetunyang'anya bonde?" Kwingine, "Hapa ndiyo, na ahsante." Kwingine, "Hapa amechoka, apumzike." Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikachukua nakala ya tathmini yangu nikailinganisha na penseli yako. Makosa yote niliyoyaona, ulikuwa umeyaona. Mengine mawili uliyaona mimi sikuyaona. Mhubiri asiyesoma chuo alikimaliza kitabu mstari kwa mstari, na msomi akakipima kwa kurasa kumi na mbili.

Ndipo nikafika sura ya pili. Pale mahali penyewe, ile aya niliyoikalia, umeandika kwa herufi ndogo sana:

"Hapa sina hakika. Naomba iwe hivi. Mama."

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Hukumwamini mwandishi, Baba. Hukumfuata. Ulimwombea tu awe amesema kweli, kwa sababu ya mtu mmoja. Na mtu huyo ni Bibi, aliyelia ulipobatizwa kule Ramisi ukiwa mkata miwa, akakwambia kila mtu na kaburi lake, kisha akakupakulia chakula kama jana yake. Bibi huyo huyo kila Jumapili alinipigia shati pasi ya makaa, yeye aliyekuwa hakosi swala, akanifunga vifungo na kuniambia, "Haya, mfuate babako. Na usimwaibishe mbele za watu."

Mazishi ya Kiislamu hayamngoji mtu wa Nairobi, hilo najua. Lakini arobaini yake ilikuwa na nafasi tele, na sikuja. Nilikuwa na vitabu mezani. Mwezi ule ule waliomsomea hitma, mimi nilikaa kwenye kiti kizuri nikaandika kwamba kumtumaini Mungu kwa ajili ya mtu kama yeye ni hatari, na wala hakunijia akilini.

Nilikwenda kwa mkuu wangu nikataka karatasi ile iondolewe. Akaniambia tathmini ikishatoka imetoka, na isitoshe haina kosa. Na ni kweli, haina kosa. Hilo ndilo linaloniuma kama mwiba wa samaki. Nikamwandikia mchungaji wako, nikamweleza kwamba kitabu alichotutumia kina majibu yake pembeni, na akitaka nitamnakilia ayasome. Akanijibu kwenye simu neno moja, "Tuombeane." Hakukifungua siku aliyokitwaa, nami sitarajii akikumbuke sasa.

Wewe pia nina hasira nawe, niseme tu, maana nikinyamaza itageuka kitu kingine. Kitabu kilikuwa mkononi mwako mbele ya wazee wale. Ungekifungua. Ungewaonyesha "Hapana, bwana" moja tu, wangekaa kimya wote, na mimi wangenicheka, ingekuwa haki. Kwa nini hukufungua? Nimewaza, na nadhani najua. Kukifungua kungekuwa kuwapa na jina la Bibi walipitishe mkono kwa mkono, walipigie kura. Ukaona bora uketi nyuma. Ama hukutaka wanicheke? Hilo la pili naogopa hata kuliwaza.

Kitabu nakirudisha pamoja na barua hii, na karatasi yake ya saruji. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Wakiuliza kiko wapi nitawaambia kimekwenda kwa mwenyewe. Kazi bado sijaiacha, wala sitakudanganya kwamba nitaiacha mwezi huu. Ila nimewaambia sitaandika tathmini nyingine ya kitabu nisichokisoma chote. Tangu hapo sipewi vitabu, nimepewa kuhesabu makatoni ghalani. Sawa tu. Makatoni hayana baba.

Mpe Mama shikamoo yangu, na umwambie safari hii nataka habari zako, mbuzi nimewasikia. Msalimie shangazi wa Msambweni, yule aliyemwosha Bibi, umwambie namshukuru kwa kazi ambayo mimi sikuwepo hata kumtekea maji. Umsalimie imamu aliyekusogezea nafasi kaburini bila kukuuliza dini. Mjukuu wenu, wa Rehema, mwambieni kamusi yake nimeipata. Ukipita kaburini kwa Bibi mwambie nimekuja, ingawa sijaja. Nitakuja mwezi wa Disemba, ukinikubalia. Usiponikubalia nitafikia kwa Rehema, nitakutazama kanisani kutoka mlangoni.

Sasa huo ukingo. Ndani ya kitabu, kwenye sura ya pili, nimetia tathmini yangu, ile yenye jina langu chini, na penseli iliyochongwa. Isome polepole ulivyomsoma yule bwana. Na barua hii pia isome hivyo hivyo, nafasi nimekuachia ya kutosha. Nilipokosea, niandikie "Hapana, bwana", nami nitakubali kila mahali. Lakini ukifika hapa chini kwenye jina langu, Baba, na ukawa huna hakika kama mtoto huyu ana la kuokolewa, usinifute. Niandikie ulivyomwandikia mama yako.

Mwanao,
Danieli