Wananiambia Nishukuru kwa Sababu Hanywi

Mama Ritah mpendwa,

Nakuomba unisaidie kabla sijafungua mdomo mbele ya kanisa zima na kusema maneno ambayo hayatarudi, kwa maana nimejaa hasira mpaka chakula hakina ladha, na kila ninayemweleza ananijibu neno lile lile, shukuru, shukuru mume wako hanywi tena. Jina langu liandike gazetini, sina cha kuficha. Naitwa Loy, kwetu ni Dabani, nimeolewa Merikit, nauza nguo za mitumba Busia karibu na mpaka, na mume wangu ni Emojong, fundi wa pikipiki ambaye senta yetu yote inamjua, zamani ilimjua kwa pombe na sasa inamjua kwa kuiacha.

Alikunywa waragi, ile pombe kali ya kwetu, na sisemi wa kuonja, nasema wa kuokotwa mtaroni viatu vimeshaibwa, na mwaka juzi akatapika damu, akalazwa Tororo, daktari akamwambia ukirudia unakufa. Akaacha. Sitamdhulumu hapo, aliacha kweli, nilimshika mikono ikitetemeka, nikambadilishia shuka zilizolowa jasho, na wakati wa mavuno ndugu zake walipokaa kuzunguka chungu cha ajono, pombe ya ulezi, na mirija yao yeye alipita bila hata kugeuza shingo, nikajivunia mwanaume wangu. Lakini usingizi uliondoka pamoja na pombe. Akawa anajigeuza tu kitandani kama mtu aliyelalia mchanga, akaenda duka la dawa akaomba kitu cha kumlaza, wakamuuzia vile vidonge vidogo vya mafua ambavyo kila mtu anajua vinaleta usingizi. Akameza kimoja akalala, na mimi nikafurahi kwa sababu hata mimi nililala.

Kimoja kikaacha kufanya kazi, vikawa viwili, vikawa vitatu, sasa anajimiminia kiganjani kama njugu na kusukumia kwa dawa ya kikohozi. Leo ananunua duka hili, kesho lile, akivuka upande wa Kenya ananunua tena, kwa hiyo hakuna muuzaji hata mmoja anayejua anamuuzia mtu wa namna gani. Na si vya kulalia tu siku hizi, anavimeza mchana pia, anasema vinamtuliza mawazo. Utamkuta amekaa mbele ya pikipiki ya mtu, spana mkononi, mdomo wazi, amelala. Mteja wake wa siku nyingi, Edgar, alikaribia kufa barabarani kwa sababu Emojong hakukaza nati ya gurudumu la mbele, na Edgar hakurudi tena, na wengine wakamfuata.

Nilimuuliza, "Emojong, umemeza vingapi leo?"

"Ni dawa ya mafua, Mama Daphine. Hata watoto wanapewa."

"Wewe una mafua?"

Akanitazama kwa macho yale mazito. "Unataka nirudi kwa waragi? Sema tu. Chagua mwenyewe, vidonge au chupa."

Nikanyamaza, na kila nikifungua mdomo ananipa chaguo hilo hilo nami nanyamaza tena, mpaka Jumamosi moja mwezi uliopita nilipoenda sokoni nikamwachia Daphine, binti yetu ambaye bado hata kujifunga viatu hajui. Nilirudi jua bado liko juu, nikamkuta mtoto uani anayumba, anashika ukuta, anacheka peke yake na kuongea na kuku, midomo mikavu, macho hayanioni. Mama, nilisimama pale nikaona kitu nilichokiona miaka yote kwenye mlango huo huo, isipokuwa sasa kilikuwa kifupi na kimevaa gauni. Baba yake alikuwa kwenye kochi anakoroma, na pakiti za vidonge ziko mkekani zimepasuliwa. Nilimpiga makofi hakuamka. Nikampakia mtoto kwenye boda mpaka kituo cha afya, njiani akaanza kukakamaa, kituo wakatupeleka Tororo, na tulikaa wodini siku nne kabla hajaniita mama.

Amepona, namshukuru Mungu. Unajua Emojong alikuja hospitalini akasema nini? Alisema, "Mimi sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimelala tu." Na mama mkwe akaniuliza mbele ya wauguzi kwa nini mwanamke anaacha mtoto aende kuuza nguo.

Kuna mzee wa kanisa anaitwa Obore, ndiye anayeongoza kundi la wanaume walioacha pombe. Nilimwendea nikamweleza yote, akanisikiliza amekunja mikono, kisha akasema, "Loy, dawa si dhambi. Huyu mtu ametoka mbali. Ukimsumbua akarudi kwenye pombe, Mungu atakuuliza wewe." Baadaye nikagundua kwamba Obore mwenyewe akivuka mpaka ndiye anayemletea vile vidonge.

Na sasa Jumapili hii ni mkutano mkubwa, watu wanatoka mpaka vijiji vya Molo, Emojong anatakiwa kutoa ushuhuda wa jinsi alivyopona, na mimi nisimame kando yake nimevaa kitenge kipya na kutabasamu. Ameniomba nisitaje vidonge. Ameniomba kwa upole, na upole wake umenikasirisha kuliko matusi yote ya zamani. Nitasimamaje pale? Nikisema ukweli nitakuwa mke aliyemrudisha mumewe kwenye pombe, na nisiposema nitakuwa mama wa namna gani?

Kuna jambo la mwisho, na hili hata dada yangu simwambii. Siku nyingine namtamani yule mlevi. Yule alikuwa anapiga kelele, anavunja vikombe, lakini alikuwepo, kulikuwa na mtu wa kugombana naye. Huyu nikimfokea anafumba macho. Naona aibu kuandika hivi lakini nimeshaandika.

Loy, Merikit

(Barua hii ilinifikia Ijumaa. Kabla sijaijibu, Jumapili jioni Loy akanitumia ujumbe wa sauti, na ameniruhusu niuandike hapa. Ritah.)

Mama Ritah, nimeshafanya. Asubuhi nilimwacha Emojong anavaa, shati nimempigia pasi mwenyewe, akaniambia tangulia, nakuja na boda. Sikumwona. Wakaomba, wakaimba, mhubiri akamaliza, wakatuita mbele, nikaenda peke yangu na kitenge changu. Obore akaninong'oneza, "Sema tu kwamba anaumwa."

Nikachukua kipaza sauti. Nikasema, "Emojong haumwi. Emojong amelala nyumbani na nguo zake za ushuhuda, kwa sababu amemeza vidonge ili asiwaogope nyinyi. Pombe ameacha, hilo ni kweli, na aliyemsaidia kuacha ni mimi. Lakini vidonge hivyo vilikaribia kumuua mtoto wetu, na mzee Obore alijua, na ndiye anayemletea Emojong."

Kisha mtu akaanzisha wimbo kwa nguvu na Obore akaninyang'anya kipaza sauti.

Nilipofika nyumbani majirani walikuwa wameshanitangulia. Emojong alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja. Hakupiga kelele. Alisema, "Umenivua nguo mbele ya watu." Akachukua koti akaondoka kwa miguu kuelekea Molo kwa kaka yake Elungat, ambako wikendi hakukosi ajono. Mama mkwe amekuja hapa, amesimama mlangoni, anasema mwanangu akinywa leo ni wewe umemnywesha. Je, ni kweli? Niambie, ni mimi?

Loy,

Hapana. Si wewe, na huyo mama mkwe wako mwambie atoke mlangoni, akae chini na anywe chai, kwa sababu hasira yake ni hofu iliyovaa nguo nyingine na haitamsaidia mwanawe.

Sasa nisikilize, na usinikatize, maana nimekasirika kuliko wewe.

Nimekasirika na Obore kwanza. Mtu anayesimamia watu walioacha kulewa halafu anawabebea kitu kingine cha kuwalaza mchana kutwa, huyo hawasaidii, anajisaidia mwenyewe, anatunza sifa za kundi lake. Alihitaji Emojong awe amepona ili mkutano ujae. Mtoto amekakamaa kwenye boda naye anasema dawa si dhambi! Nani alimuuliza habari za dhambi? Uliuliza habari za hatari. Nenda kwa mchungaji wako ukiwa na dada yako, useme kwamba Obore asimletee mumeo kitu chochote tena, hata pipi, na jambo hilo lisemwe Obore akiwepo.

Nimekasirika na maduka ya pande zote mbili za mpaka. Muuzaji anayempa mtu mzima dawa ya mafua wiki baada ya wiki na hajamsikia akipiga chafya hata mara moja, anajua anachokifanya.

Na wewe nina neno lako. Ulipoambiwa "chagua, vidonge au chupa," kwa nini ulikubali kwamba wewe ndiye wa kuchagua? Swali hilo halikuwa lako. Yeye ndiye anayemeza na yeye ndiye aliyekuwa akinywa, lakini alikubandika mzigo huo mgongoni ukaanza kutembea nao kama mtoto wako wa kuzaa. Miezi yote hiyo ulinyamaza ukidhani ukimya wako ndio unaozuia waragi usiingie nyumbani. Ulichozuia ni msaada. Na kumwachia mtoto mtu uliyemwona amelala na spana mkononi, hapo pia ulikosea. Nakwambia mara moja, sitarudia, kwa kuwa naamini umeshajiambia vya kutosha.

Kuhusu Jumapili. Ningewahi kuijibu barua yako ningekuambia usiende kabisa, ukae nyumbani na kitenge chako. Mambo ya mgonjwa hayaanziwi kwenye kipaza sauti, na Emojong ana haki ya kuumia. Lakini wao ndio waliokuita pale mbele, wao ndio waliokutuma useme uongo, na ukakataa. Mtu akilazimishwa kuchagua hapo hapo kati ya uongo na mtoto wake, mimi simhukumu.

Ile aibu yako ya mwisho, ya kumtamani yule mlevi, itue chini. Hutamani pombe. Unamtamani mume aliye macho. Wake wengi wa watu walioacha pombe wamenieleza hilo hilo kwa sauti ndogo, kila mmoja akidhani ni peke yake.

Leo Jumatatu asubuhi nilikupigia kabla ya kuandika. Ukaniambia Emojong yuko kwa Elungat, hajanywa, hajalala, amekaa nje ya nyumba anatoka jasho na kupapasa mifuko, na anataka kumtuma kaka yake aje kuchukua vidonge vyake. Ukaniuliza uvitume au uvitupe chooni. Ndiyo sababu nakutumia majibu haya kwenye simu sasa hivi, hayatasubiri gazeti.

Usivitume na usivitupe. Kusanya kila pakiti iliyobaki, na chupa za dawa ya kikohozi, hata zilizokwisha, uzitie kwenye mfuko. Mimi si daktari na wewe si daktari, na mtu aliyekuwa akimeza kwa kiganja haachi tu kwa sababu mke amekasirika au kwa sababu kanisa limeaibika. Daktari aone ni dawa gani na kiasi gani, ndipo aseme zinapunguzwaje. Hospitali kubwa pale Tororo ina watu wanaoshughulikia magonjwa ya akili na ulevi. Ulizeni hao kwa jina la kazi yao, msikubali kurudishwa na karatasi ya panadoli. Na Emojong aseme mwenyewe kwamba alikuwa mlevi wa waragi, maana wasipojua hilo wanaweza kumpa kidonge kingine cha kumfunga upya.

Emojong, najua utasomewa hii. Usingizi wa mtu aliyeacha pombe huchelewa kurudi. Huchukua miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka, na ungeambiwa hivyo siku ile ulipotoka wodini usingedhani umelaaniwa. Kuna njia za kuufundisha mwili kulala tena, zipo, zinachosha, na wapo watu wa kukuelekeza. Umeacha pombe na hilo hakuna wa kukunyang'anya. Lakini kuacha pombe ni jambo moja na kupona ni jambo jingine, na waliokuharakisha upande jukwaani waliyachanganya hayo mawili kwa faida yao. Kuhusu Daphine, usiniambie ulikuwa umelala tu. Wewe ni baba yake. Sema lile neno ambalo hukulisema hospitalini, umwambie mkeo, bila "lakini" mwishoni.

Loy, mtoto hatabaki peke yake na baba yake mpaka daktari aseme ni salama, nawe uone kwa macho yako. Akiona ni adhabu, aone hivyo. Hilo halina mjadala wala kikao cha ukoo.

Sasa mpigie Elungat. Naye pia hajanywa leo, uliniambia mwenyewe, na pikipiki anayo. Mwambie asimpe kaka yake ajono "kidogo tu ya kumtuliza," na asimwache peke yake, ampakie aende naye Tororo moja kwa moja, mapokezi. Ukipewa Emojong kwenye simu usiombe msamaha na usigombe, hayo yana siku yake. Mwambie utamkuta pale. Kisha mpeleke Daphine kwa dada yako, chukua ule mfuko, na upande gari la Tororo. Akiwa hajafika, msubiri. Akikataa kuja, ingia wewe umuone daktari, umuulize wewe ufanye nini, maana hata wewe unahitaji mtu wa kukusikiliza ambaye hatakwambia ushukuru.

Ritah