Nusu ya Ghala Uliyojipimia

Kwako kaka, huko Nairobi,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Mama. Basi la Nairobi likisimama hapa sokoni, huwa naomba Mungu usiwe ndani.

Unanijua kama msichana asiyefungua mdomo mezani. Leo utanisikia. Nakuandikia Kiswahili makusudi, maana Kiingereza cha shule kingenilazimisha kuanza kwa kukuulizia afya.

Unakumbuka likizo ile, bendera yetu ikiwa bado mpya, nawe umeshakalia kiti cha Mzungu aliyeondoka kwenye chumba cha kompyuta? Ulichora mavumbini kwa kijiti, visanduku vimepangana, kila kimoja na namba yake. Ukasema hiyo ndiyo kumbukumbu ya mashine. Mwanzoni kabisa inakaa programu kuu, inayoamrisha nyingine zote, na sehemu yake haiguswi. Nyingine zote hupimiwa nafasi kabla ya kuingia. Nilikusikiliza mpaka obusuma, ugali wetu, ukapoa. Nilikupenda siku hiyo, kaka, na hilo ndilo linaloniuma.

Kesho yake ukaligawa ghala la Mama kwa mbao. Nusu nzima, upande wa mlango, ukaifanya yako wewe kifungua mimba. "Hapa pasiguswe mpaka nije na mke." Mama akapiga vigelegele. Nikanong'ona, "Sasa kaka, na mahindi je?"

Ukacheka. "Aa, bubu ameongea! Mahindi yatajipanga."

Hayakujipanga. Mavuno mawili sasa nafasi yako ni ya buibui, na mahindi yaliyokosa pa kukaa yamelundikwa uani chini ya magunia. Mvua ya hapa unaijua. Mwaka jana yalioza, tukala viazi vitamu mpaka nikachukia harufu yake. Mwaka huu yameanza kufanya kuvu tena. Nikimwomba Mama tutumie upande wako, ananijia juu: "We mtoto, unataka kumfukuza mwanangu kwao?" Utadhani mimi aliniokota njiani.

Na ulijua! Ukiwa na kijiti chako mkononi ulisema programu kuu ipimiwe padogo, kwa sababu ikinenepa, kazi za watu hukosa pa kukaa. Kwa mashine ya serikali ulipima kwa akili. Kwa chakula cha mama yako ulijipimia wewe kwanza, tena ukataka vigelegele.

Wingu limeshafunga upande wa msituni. Nimeazima shoka kwa jirani. Nikimaliza barua hii naenda kuzing'oa mbao zako, niingize mahindi kabla mvua haijaanza. Ukija na huyo mke, mtalala nyumbani kama watu, si ghalani.

Nasikia ndara za Mama zinakuja mlangoni. Siku zote nikiandika huwa nasukuma karatasi chini ya mkeka. Leo naiacha mezani, na shoka nimelishika. Kama atapiga kelele, apige nikiwa namtazama.

Baki huko huko,
Dada yako mdogo